Tutumie Kwanza Maegesho ya Baiskeli Tuliyo Nayo

(Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Katika makisio ya mwaka huu vyama kadhaa vyenye ofisi mjini vimeomba fedha za kujenga mabanda mapya ya baiskeli. Ombi hilo si la upuuzi. Mwanachama anayeibiwa baiskeli mlangoni pa chama amepoteza chombo chake cha kazi. Hata hivyo, kabla kamati hazijapitisha fedha, naomba tujiulize: je, tulivyo navyo tumevitumia ipasavyo?

Mji wa New York, Marekani, ulipoondoa mita za kulipia maegesho zilizosimama moja kwa kila gari, nguzo zake zilibaki kando ya barabara. Kuanzia mwaka 2011 wakuu wa mji walifunga pete za chuma kwenye baadhi ya nguzo hizo, zikawa mahali pa kufungia baiskeli. Nguzo ilikwisha kuchimbiwa. Iliyohitajika ni pete na fundi. Kufuli likipita ndani ya pete, mwizi hawezi kuinyanyua baiskeli na kuitoa kwa juu.

Huko Amsterdam, Uholanzi, jengo la ghorofa la baiskeli karibu na stesheni kuu lilijengwa mwaka 2001 kwa baiskeli zipatazo 2,500. Lilikusudiwa kuwa la muda tu, lakini lilitumika hadi mwaka 2023. Tena manispaa ya mji huo hubandika onyo kwenye baiskeli zilizotelekezwa, kisha huziondoa, ili nafasi ziwafae wenye kuzihitaji.

Basi kila katibu afanye haya. Kwanza, ahesabu nafasi zilizopo na baiskeli zisizo na mwenyewe, atoe tangazo ubaoni, na muda ukipita azikabidhi kwa mujibu wa sheria. Pili, akague vyuma. Kizuizi kinachoshika gurudumu peke yake hakitoshi, kwani mwizi hufungua gurudumu akaondoka na fremu. Fundi aongeze bomba la kufungia fremu. Tatu, nafasi zikiwa bado hazitoshi, alete hesabu hiyo mbele ya mkutano mkuu.

Sisemi tusijenge kamwe. Nguzo iliyoliwa na kutu ing'olewe. Lakini wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Fedha ya chama ni jasho la wanachama.