Ndiyo Isiyo na Jina: Wabunge Wetu na Sheria za Mazingira

Mada kwa semina ya kamati za mazingira za vijiji, Gulwe, Wilaya ya Mpwapwa

1. Utangulizi

Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliiharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mto Kinyasungwe hushuka na mchanga wa vilima vilivyobaki vipara na wa mashamba yaliyosogea hadi ukingoni. Wala hatukosi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Swali langu ni hili: sheria kama hiyo inapopita, mwananchi wa Gulwe atajuaje mbunge wake alisimama wapi?

2. Kura inavyopigwa

Muswada husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ya Bunge, nayo huita wadau watoe maoni. Unaporudi bungeni husomwa mara ya pili na kujadiliwa, Kamati ya Bunge Zima huupitia kifungu kwa kifungu, ndipo usomwe mara ya tatu. Spika akiwahoji, wanaoafiki husema "Ndiyo", wasioafiki "Siyo". Kwa kawaida Taarifa Rasmi ya majadiliano ya Bunge huandika tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Aliyeitikia kwa dhati na aliyenyamaza hawatofautiki.

Kwenye Bajeti Kuu wabunge huitwa majina mmoja mmoja. Lakini hapo nako mbunge hayuko huru kabisa: ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti. Tena, kwa ibara ya 71, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, kiti kimeondoka. Kwa hiyo mara nyingi msimamo huamuliwa chamani kabla Spika hajahoji.

3. Wenzetu

Marekani, League of Conservation Voters, iliyoanzishwa 1970, humpa kila mbunge wa Congress alama kwa kura zake za mazingira. Washirika wake hufanya hivyo kwa mabunge ya majimbo. Wanaweza, kwa sababu kura nyingi za wabunge hao huandikwa kwa majina. Tukiiga alama hizo hapa, tutakosa cha kusahihisha.

4. Mapendekezo

(a) Tumpime mbunge kwa alichosema na marekebisho aliyoyapendekeza. Hayo yamo kwenye Taarifa Rasmi, yakiwa na jina lake.

(b) Kamati inapoita wadau, maoni ya vijiji vya bonde la Kinyasungwe yaandikwe na kufikishwa Dodoma. Bunge liko mkoani mwetu, na kifungu hurekebishika kwa urahisi zaidi kikiwa bado mezani pa kamati.

(c) Tumwombe mbunge wetu adai kura ya majina kwa miswada ya maji, misitu na mazingira.

(d) Kila bajeti ya Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia mazingira, inapojadiliwa, tumuulize mbunge wetu aliombea nini bonde la Kinyasungwe. Mita 60 bila fedha za kuweka alama na kupanda miti hazitazuia mchanga.