Sikio Likizima Ghafla, Usingoje

Leo tunaongea juu ya sikio linalozima ghafla.

Mtu analala mzima, asubuhi sikio moja halisikii. Ndani kunavuma, pengine na kizunguzungu. Wengi husema, "Ni nta tu, itatoka," wanangoja wiki, mwezi. Kungoja huko ndiko kunakopoteza masikio.

Hebu funga mdomo, uvumishe sauti: mmmm. Ukiisikia zaidi katika sikio bovu, yaelekea limeziba kwa nta au usaha, au ngoma yake imetoboka. Mengi ya hayo hutibika. Ukiisikia zaidi upande ulio mzima, shuku sikio la ndani au neva ya kusikia, na hiyo ni dharura. Kwa vyovyote, acha daktari ahakikishe.

Nini huumiza sehemu hiyo ya ndani? Virusi, kama vya matubwitubwi. Homa ya uti wa mgongo. Mlio wa risasi na mabomu, ambao sisi wa Djugu, mashariki mwa Kongo, tunaujua mno tangu mwisho wa 2017. Dawa pia: madhara ya kwinini kwa kawaida hupungua ukiiacha, lakini ya sindano za gentamisini yanaweza kubaki. Mara nyingi chanzo hakionekani kabisa. Sikio la ndani lina chembe za kusikia zenye vinyweleo zipatazo 15,000 tu. Zikifa, hazioti tena.

Neva ikishukiwa, daktari anaweza kutoa vidonge vya prednisoloni. Hufaa zaidi vikianzwa siku za kwanza, kabla ya wiki mbili kupita. Usivinunue mwenyewe dukani, maana hupandisha sukari na presha. Usitie mafuta wala kijiti sikioni. Nenda kituo cha afya au hospitali kuu, utaje siku sikio lilipozima na kila dawa uliyotumia.

Wapo wanaopona wenyewe, kabisa au kwa sehemu, lakini hakuna awezaye kujua mapema nani atapona. Asiyepona, tumsemeze uso kwa uso, polepole, bila kumfokea. Kifaa cha kusikilizia kinaweza kumsaidia. Na mtoto aliyeponea homa ya uti wa mgongo apimwe masikio, hata akionekana mzima.

Mama, baba, jirani akikuambia sikio lake limezima tangu jana, msindikize hospitali leo.