Nafasi ya Maabara katika Makuzi ya Mhandisi wa Vifaa vya Ujenzi

Uhandisi wa vifaa vya ujenzi ni tawi la uhandisi ujenzi linalochunguza tabia za saruji, kokoto, mchanga, nondo, lami na udongo, ili ijulikane mapema iwapo vitahimili mzigo, maji na miaka. Mhadhara huu unadai kwamba mtaalamu wa tawi hili huiva maabarani, na kwamba taasisi inayomwondoa huko mapema kwa kumpandisha cheo humnyima elimu asiyoweza kuipata ofisini.

Nchini Tanzania njia hiyo huanza kwa shahada ya miaka 4, kisha mhitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayoongozwa na sheria ya mwaka 1997, akiwa mhandisi mhitimu, yaani yule ambaye bado hajaruhusiwa kubeba dhamana ya kazi peke yake. Na ndipo hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua 3 kabla ya kuomba usajili wa ngazi ya mhandisi mtaalamu.

Thamani ya miaka hiyo huonekana katika zege. Likiwa bado bichi, hupimwa slampu, yaani hujazwa katika koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, koni huinuliwa taratibu, na kiasi ambacho zege limeshuka hueleza ulaini wake. Sehemu nyingine hushindiliwa katika kalibu za mchemraba wa milimita 150, hutunzwa majini, na kugandamizwa kwa mashine hadi ipasuke, kwa kawaida siku ya 7 na ya 28. Kwa kuwa jibu la siku ya 28 huweza kufika wakati nguzo za ghorofa inayofuata zimekwisha kusimama, mhandisi hulazimika kuamua kabla ya kulipata, naye huamua vyema ikiwa ameshuhudia vipimo vingi na kuelewa sababu za kila kilichoanguka.

Sababu mojawapo ni maji. Mwaka 1918 Duff Abrams, akifanya utafiti Chicago, alionyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea hasa uwiano wa maji kwa saruji, kwa maana maji yanayozidi mahitaji ya mmenyuko wa saruji huacha vitundu yanapokauka. Katika pwani ya Afrika Mashariki huongezeka hatari ya mchanga wa baharini, ambao chumvi yake huharibu utando unaoikinga nondo, kutu ikavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Baadaye mtaalamu anaweza kubobea katika lami au zege kwa shahada ya uzamili, au kuwa mhandisi mshauri. Hata hivyo, waajiri wanapaswa kuweka ndani ya maabara yenyewe ngazi kamili ya vyeo na mishahara, pamoja na mamlaka ya kukataa zege lisilofaa hata mkandarasi anapolalamikia ucheleweshaji, kwa sababu usalama wa wakazi wa jengo hutegemea kukataa huko.