Neno la Mtafiti na Neno la Mwanakijiji: Kiswahili katika Mazungumzo ya Sayansi Mkoani Katavi

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi nchini Tanzania umezoea kuanzia darasani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na hadi leo wanataaluma wanabishana iwapo masomo hayo yafundishwe sekondari kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Ubishi huo ni wa haki. Hata hivyo, lipo darasa jingine lisilo na ubao, nalo ni mkutano wa kijiji, ambapo mwanasayansi huketi na watu ambao maisha yao ndiyo mada ya utafiti wake. Mhadhara huu unalitazama darasa hilo katika mkoa wa Katavi. Dai lake ni kwamba lugha si kapu la kubebea matokeo yaliyokwisha kuiva. Lugha ni sehemu ya utafiti wenyewe tangu swali la kwanza linapoulizwa.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Ndani yake imo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,400. Pembezoni mwake wanaishi Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, pamoja na wafugaji wa Kisukuma waliohamia kwa wingi tangu miaka ya 1970. Aidha, yapo makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa katika muongo huo huo kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Kiswahili ndiyo lugha wanayokutania wote hao, ingawa kwa wengi wao si lugha ya kwanza.

Kuhoji na kuzungumza

Istilahi za utafiti wa jamii zimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kitenzi "hoji": hojaji, mahojiano, mhojaji na mhojiwa. Kimofolojia hazina kasoro. Tatizo ni la kisemantiki. Katika matumizi ya kila siku, mtu huhojiwa na polisi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inafanya kumuua simba bila kibali kuwa kosa, ingawa inatambua utetezi wa uhai na mali. Mfugaji anapoambiwa kwamba atahojiwa kuhusu simba waliouawa, haisikii istilahi ya kitaaluma, bali husikia kituo cha polisi. Jibu lake hupimwa kwa hofu kabla halijaandikwa kwenye daftari, na hakuna kanuni ya takwimu itakayolisahihisha baadaye. Kinyume chake, "mazungumzo" ni neno linalompa kila upande nafasi ya kuuliza. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya data.

Simba, na maana mbili za kutunza

Kisa cha simba wa Katavi kinaonyesha mazungumzo marefu yanavyoweza kuzaa elimu. Kwa miaka mingi Tim Caro na Monique Borgerhoff Mulder walifanya utafiti ndani ya hifadhi na katika vijiji vinavyoizunguka. Mwaka 2014 wao na wenzao walichapisha uchambuzi wa mila ya baadhi ya Wasukuma, ambapo aliyeua simba hucheza ngoma kutoka kaya hadi kaya na kupewa zawadi, zikiwemo ng'ombe. Asili ya mila hiyo inaeleweka: simba alishambulia mifugo, kijana akahatarisha maisha yake, na jamaa wakamshukuru kwa kuwalinda. Watafiti walionyesha kuwa shukrani hiyo ilikuwa ikigeuka kivutio. Walikuwapo waliowafuata simba ambao hawakuwa wamegusa mifugo ya mtu. Mlipiza kisasi alikuwa anageuka mwindaji.

Elimu ya namna hiyo haionekani kwa darubini wala kwa kuhesabu nyayo. Ilipatikana kwa sababu watu walieleza nani hutoa zawadi, kwa nani na kwa nini. Kutokana nayo ilizuka kampeni iliyojipa jina la Kiswahili, WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira. Kampeni hiyo iliwategemea viongozi na taasisi za vijiji vyenyewe katika kuondoa motisha ya zawadi. Mpangilio wa jina lake unastahili kuzingatiwa: watu wametangulia.

Hapa mwanaisimu ana la kuongeza. Kitenzi "tunza" kina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni kuhifadhi: kutunza mali, kutunza mazingira. Maana ya pili ni kumpa zawadi mchezaji au mwimbaji kwa kumfurahia, na neno "tuzo" lina undugu na maana hiyo. Mgogoro mzima wa simba wa Katavi umo ndani ya kitenzi hicho kimoja: jamii imtunze simba, au imtunze aliyemuua? Mtafiti anayeandika "hifadhi" pekee hupitwa na ukweli kwamba wanakijiji nao wana dhana ya kutunza, yenye heshima na wajibu ndani yake.

Ushoroba na kifuta machozi

Magharibi mwa Mpanda misitu inaunganisha Katavi na Mahale, na tembo na sokwe ni miongoni mwa wanyama wanaoitegemea. Wataalamu huita eneo la namna hiyo "ushoroba", neno la kale lenye maana ya njia nyembamba, na kanuni za mwaka 2018 zimeweka utaratibu wa kuzilinda shoroba. Istilahi ni nzuri. Lakini mkulima aliyezoea kusema "mapito ya wanyama" anaweza kuelewa kuwa wanyama watapita na yeye atabaki, ilhali ramani ya ushoroba ina mipaka inayoweza kuligusa shamba lake. Asipofafanuliwa tofauti hiyo mapema, ataijua siku ya kuhamishwa.

Mfano wa upande wa pili ni "kifuta jasho" na "kifuta machozi", majina ya malipo yaliyowekewa kanuni mwaka 2011 kwa walioharibiwa mali, kujeruhiwa au kufiwa kutokana na wanyama wakali. Majina hayo ni ya kweli kuliko maneno mengi ya kiofisi. Yanamwambia mwananchi waziwazi kwamba hii si fidia: jasho linafutwa, lakini shamba halirudi, machozi yanafutwa, lakini marehemu harudi. Wanaodai kuwa Kiswahili hakina uwezo wa kubeba dhana ngumu za sera na sayansi wautafakari mfano huu.

Hitimisho

Siku hizi watafiti hupenda neno "mrejesho". Mzizi wake ni kurejesha, na kinachorejeshwa ni kile kilichokuwa cha mwingine. Kwa mujibu wa neno hilo, matokeo ya utafiti ni mali iliyoazimwa, na mwenyewe yupo kijijini. Makala iliyochapishwa ng'ambo kwa Kiingereza haijarejesha kitu kwa mfugaji aliyetoa habari zake.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, maneno muhimu ya utafiti yajaribiwe kwa wanakijiji kabla ya kazi ya uwandani kuanza. Pili, wanaisimu washirikishwe tangu maswali yanapotungwa, wasiitwe mwishoni kutafsiri. Tatu, muhtasari wa Kiswahili uhesabiwe kuwa sehemu ya utafiti, na palipo na Kisukuma, Kipimbwe au Kirundi, Kiswahili kiwe daraja la kuzifikia lugha hizo, kisiwe ukuta mwingine mbele ya wasemaji wake. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu wanayo kazi Katavi.