Hali ya Hewa ya London na Mgeni Atokaye Kenya

Kila mwaka watu wa Kenya husafiri kwenda London, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, na wengine kuwazuru jamaa zao. Msafiri huulizia nauli, hati za safari na mahali pa kulala. Hali ya hewa huiuliza mwisho, au asiiulize kabisa, kwa kuwa amekwisha kusikia kwamba Uingereza ni nchi ya baridi, na habari hiyo huiona yamtosha. Walakini baridi ya London haifiki kwa siku moja, wala si baridi peke yake impatayo mgeni. Aijuaye mapema huishi salama. Asiyeijua huweza kupata hasara ya fedha na ya afya, na pengine ya roho yake.

SABABU YA MAJIRA

Kenya imepitiwa na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. London iko mbali upande wa kaskazini, kiasi cha digrii 51 na nusu kutoka ikweta, na kwa sababu dunia huzunguka jua hali imeinama, mji huo hupata mwanga mwingi sana katikati ya mwaka na mwanga mchache sana mwishoni mwake. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupanda kiasi cha digrii 62 juu ya upeo wa macho. Mwezi wa Desemba halipandi zaidi ya digrii 15, yaani hubaki chini kama jua la saa moja asubuhi huku Afrika ya Mashariki.

Mswahili huhesabu majira yake kwa mvua na kwa pepo: masika na vuli, kaskazi na kusi. Mwingereza huyahesabu kwa joto na mwanga, nayo ni manne: majira ya machipuko, Machi hadi Mei, kiangazi, Juni hadi Agosti, majira ya kupukutika majani, Septemba hadi Novemba, na majira ya baridi, Desemba hadi Februari.

SAA ZA MWANGA NA ZA GIZA

Saa za Kiswahili zilianzia kwa watu ambao kwao jua huchomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili. Huko London hesabu hiyo huvunjika. Karibu na tarehe 21 Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kutua; mchana wote hautimii saa 8. Karibu na tarehe 21 Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu ya usiku bado lipo mbinguni. Mchana huo huzidi saa 16 na nusu. Mwislamu apatwaye na Ramadhani katika mwezi wa Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2016, hufunga kwa zaidi ya saa 18.

Tena Waingereza hubadili saa zao mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya mwisho ya Machi huzisogeza mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Kwa hiyo Nairobi hutangulia London kwa saa 3 wakati wa baridi, na kwa saa 2 wakati wa kiangazi. Apigaye simu nyumbani na alikumbuke hilo, asije akawaamsha wazee usiku wa manane.

MVUA, PEPO NA BARIDI

Wengi hudhani kwamba London hunyeshewa kuliko mahali pengine pote. Sivyo. Mvua yake ya mwaka ni kiasi cha milimita 600, nayo ni chache kuliko ya Nairobi au ya Mombasa. Lakini mvua ya Kenya hushuka kwa nguvu katika miezi yake, kisha ikakoma. Ya London hugawanyika katika miezi yote, mara nyingi ikiwa manyunyu tu. Hakuna mwezi wa kuuacha mwavuli nyumbani.

Pepo za magharibi, zipitazo juu ya maji ya uvuguvugu ya bahari ya Atlantiki, huuhifadhi mji huo. Montreal, katika nchi ya Kanada, iko karibu zaidi na ikweta kuliko London, na baridi yake ni kali zaidi sana. Mwezi wa Januari joto la mchana London huwa kama digrii 8 za Sentigredi, na usiku hushuka hata digrii 2 au 3. Theluji huanguka siku chache tu, na mara nyingi huyeyuka upesi. La kuogopwa zaidi ni barafu nyembamba itandayo juu ya njia asubuhi, isiyoonekana kwa macho. Wengi wamevunjika mikono kwa kuteleza juu yake. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka mashariki wakati huo, baridi huzidi mara moja.

Kiangazi chake ni kizuri. Mchana wa Julai joto lake huwa sawa na la Nairobi ya mwezi huo, au hulizidi. Lakini nyumba za London nyingi zilijengwa ili zitunze joto, na siku ya jua kali huwa kama tanuri. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilipita digrii 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze kuandikwa katika nchi hiyo.

MAMBO YA KUANGALIA

Mwanafunzi hufika mwezi wa Septemba, wakati hewa ingali ya kupendeza, akajiambia kwamba habari za baridi zilitiwa chumvi. Kumbe kila siku ipitayo hupunguza mchana kwa dakika karibu 4, yaani saa 2 kwa mwezi mmoja. Heri anunue koti mapema, kuliko kulinunua siku ambayo mwili wake umekwisha kutetemeka. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hutunza joto kuliko vazi moja zito, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati yake huzuia baridi. Kichwa, mikono na miguu visisahauliwe.

Akodiye chumba na aulize dirisha linaelekea wapi. Huko jua la adhuhuri huwa upande wa kusini siku zote. Chumba kielekeacho kaskazini hukosa jua majira yote ya baridi. Aulize pia ni nani alipaye gharama ya kupasha nyumba joto, kwani si ndogo. Hata wakati wa baridi dirisha lifunguliwe dakika chache kila siku, ili unyevu utoke na kuta zisiote kuvu.

Jambo moja halina msamaha. Asiwepo mtu awashaye jiko la makaa chumbani kwa kutaka joto. Moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa humwua mtu akiwa usingizini. London yenyewe ilijifunza kwa uchungu madhara ya moshi. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, upepo ulipotulia, moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu na kuufunika mji. Watu 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa, na wachunguzi wa baadaye wameona kwamba huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 sheria ya hewa safi ikatungwa, na ukungu ule mzito ambao wazee husimulia hauonekani tena.

Mwisho, ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, iimarishayo mifupa. Kwa sababu hiyo idara ya afya ya Uingereza huwashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku, mwaka mzima. Upungufu wa mwanga huweza pia kuutia moyo huzuni. Yafaa mgeni atoke nje adhuhuri, hata kukiwa na mawingu, wala asijifungie chumbani peke yake. Na huzuni ikidumu, amwone daktari bila haya.

Tahadhari kabla ya athari. Jamaa wachangao nauli ya kijana wao wanaombwa waihesabu bei ya koti na viatu pamoja na nauli hiyo, kwa sababu vyote viwili ni sehemu ya safari.