Upasuaji wa Kupunguza Uzito, Afya ya Utumbo na Mchochota wa Mwili

Mchochota ni hali ambapo kinga ya mwili hupambana na jeraha au vijidudu, na kwa kawaida hutulia kidonda kinapopona. Lakini kwa mtu mwenye unene uliokithiri huendelea chini kwa chini kwa miaka mingi, bila homa wala usaha, kwa kuwa mafuta ya mwili nayo hutoa kemikali zinazouchochea. Utumbo nao unachangia, kwani ukuta wake wa ndani umefunikwa na safu moja tu ya seli yenye ute juu yake, na kizuizi hicho kinapodhoofika, vipande vya maganda ya bakteria hupenya hadi kwenye damu na kuuchochea zaidi.

Upasuaji wa kupunguza uzito huugusa utumbo huohuo. Katika aina yake iitwayo upasuaji wa njia ya mkato, uliotokana na kazi ya Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa katika miaka ya 1960, sehemu ya tumbo hubakizwa kuwa kifuko cha mililita 30 hivi, ujazo wa vijiko viwili vya mezani, ambacho huunganishwa na sehemu ya chini zaidi ya utumbo mwembamba, hivyo chakula hukutana na nyongo kikiwa kimeshafika mbali. Asidi ikipungua na nyongo ikibadili mkondo, jamii za bakteria nazo hubadilika. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wasio na bakteria, walipopandikizwa bakteria wa panya waliofanyiwa upasuaji huo, walipungua uzito ingawa wao hawakuguswa na kisu. Kwa binadamu, CRP, yaani protini inayotolewa na ini mchochota unapokuwapo, hushuka katika miezi inayofuata upasuaji.

Hata hivyo, mizani haitoshi kuwa shahidi kwamba mchochota umetulia. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970 ulifanyika upasuaji mwingine, ulioacha sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ikiwa imetengwa, haipitishi chakula. Wagonjwa walikonda kweli. Lakini katika utumbo huo uliolala bakteria walizaliana kupita kiasi, viungo vikauma na kuvimba, ngozi ikatoka vipele, na baadhi yao ini likashindwa kabisa kufanya kazi. Utumbo uliporudishwa kama ulivyokuwa, maumivu ya viungo yalipoa, jambo lililothibitisha chanzo chake, na upasuaji huo ukaachwa.

Njia ya mkato ya leo ni salama zaidi, ila mgonjwa huhitaji vitamini B12 na madini ya chuma maisha yake yote, na pale kifuko kinapoungana na utumbo huweza kutokea vidonda, hasa kwa wavutaji sigara na watumiaji wa dawa za maumivu kama diklofenaki. Dawa hiyo hununuliwa kwa urahisi katika maduka ya dawa, na muuzaji anayeulizwa dawa ya goti hana namna ya kujua tumbo la mteja wake limeungwaje, isipokuwa mteja mwenyewe awe amefundishwa kusema.