Nozeli za Gari la Kikwe
(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia, alipendekeza nizungumze juu ya utumishi wa umma. Ndugu zangu, habari za mafaili kila mmoja wenu anazo za kwake. Kwa hiyo naomba radhi, nitasema juu ya nozeli za dizeli. Katika jambo hilo nilipata hasara kubwa na karibu nimpoteze mdogo wangu. Tena nilipoingia nimehesabu pale nje pikapu kumi na moja, na nyingi zimeongezwa hiki na kile.

Mwaka 2017 mimi na mdogo wangu tulinunua Land Cruiser kutoka kwa watu wa utalii. Magari hayo mnayajua. Karakana za Arusha huchukua pikapu, hukata chasisi na kuirefusha, kisha huijengea viti na paa la kufunguka ili wageni watazame tembo. Sisi tuling'oa viti na paa tukarudisha bodi ya mizigo, ndefu kuliko ile ya kwanza. Fedha yangu ilikuwa mkopo wa benki uliokatwa katika mshahara. Yake ilikuwa ng'ombe wawili na akiba ya shamba. Kazi ya gari ilikuwa kuchukua nyanya na vitunguu vya Kikwe na Mbuguni kupeleka soko la Kilombero, mjini Arusha.

Injini yake ni 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo. Ni injini mvumilivu, lakini gari lililorefushwa na kujazwa matenga halikimbii. Tukipanda kutoka Usa River kupita Tengeru, malori yalitupita. Mimi, msomi wa familia, nikaamua tununue nozeli kubwa. Duka moja, ambalo sitalitaja, likatuuzia sita, likasema ni za mashindano. Mdogo wangu, ambaye aliishia darasa la saba na akajifunza ufundi chini ya mwembe, aliniambia, "Kaka, hii injini inakosa hewa, haikosi mafuta." Nikamjibu kwamba nimesoma. Naona haya kulitaja jibu hilo mbele ya walimu wangu.

Sasa nieleze alichokijua yeye nami sikukijua. Katika injini za namna hii pampu ndiyo inayopima dizeli. Mtindo huo ni wa zamani. Bosch wa Ujerumani alianza kuuza pampu za kusukumia dizeli mwaka 1927. Nozeli kazi yake ni kushikilia mafuta mpaka msukumo ufike kiasi kilichowekwa, kwa 1HZ karibu kilo 150 kwa sentimita mraba, kisha kuyaachia yawe ukungu. Ukiweka nozeli kubwa bila kugusa pampu, kiasi cha mafuta hakibadiliki sana. Kinachobadilika ni ukungu. Unakuwa matone, na matone hayaungui vizuri.

Hatukuona nguvu. Basi fundi mwingine akafungua skrubu ya pampu. Hapo gari likaruka kweli! Likatoa na moshi mweusi ambao watu wa Tengeru walituzomea. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Na hewa ya kwetu ni haba: Arusha iko kadiri ya meta 1,400 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupata hewa pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ingepata Tanga. Wenye kufuata maelekezo ya watu wa pwani au wa Ulaya walipime hilo kwanza.

Mwezi wa tatu, gari likiwa na nyanya za majirani saba, injini ilikufa barabarani. Tulipofungua, pistoni ya nne ilikuwa imeyeyuka pembeni, na nozeli ya silinda hiyo ilikuwa ikidondosha kama bomba bovu. Nyanya zilioza. Majirani walilipwa, si mimi niliyewalipa. Mdogo wangu aliuza nusu eka. Tulikaa miezi kumi bila kusalimiana, tukipitana msibani kama wageni.

Niliyemwendea hatimaye ni mzee mmoja wa pampu mjini. Alizifunga zile nozeli zetu sita kwenye mashine ya kupimia. Moja ilifunguka kwenye 160, nyingine 115, na mbili zilivuja kabla ya kufunguka. Akasema hata zingekuwa kubwa kama ndoo asingezifunga. Alitushauri tuchague nozeli za kipimo cha kiwandani, sita zilizolingana, halafu tuongeze hewa kwa tabo ndogo, na pampu ifunguliwe kidogo tu, kwa kufuata geji ya joto la moshi. Geji hiyo tumeiwekea mpaka wetu wa nyuzi 650; ikifika hapo, mguu unatoka.

Wenye Hilux za miaka ya karibuni msinifuate moja kwa moja. Katika injini hizo mafuta hukaa tayari katika bomba moja la msukumo unaopita kilo 1,000, na nozeli hufunguliwa kwa umeme. Huko nozeli ndiyo inayopima, kwa hiyo kubwa huongeza mafuta kweli, tena kompyuta isipoarifiwa itakosea. Nyingi zina namba zake zilizochorwa juu, nazo hapana budi ziingizwe kwenye kompyuta. Muuzaji asiyekuuliza habari za namba hizo, mwage.

Na mafuta yenyewe. Mnakumbuka uchakachuaji, mpaka Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili yasichanganywe na dizeli. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha. Hukwangua pampu na nozeli. Kabla ya kununua nozeli za bei kubwa, badilisha chujio na umwage maji yaliyo chini yake. Nusu ya magari yanayoletwa kwa mzee yule hurudi na nozeli zilezile.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Gari letu limekwisha kwenda kilometa 90,000 tangu siku zile. Tengeru tunapanda na gia ya tatu, bila moshi. Malori bado yanatupita. Mdogo wangu ndiye aliyenileta leo. Yuko pale chini ya mti, amefungua boneti kwa sababu mmoja wenu amemwomba asikilize mlio wa injini yake. Mwenye swali la kweli amwulize yeye.